Niliwalipa wanitafutie waliomiliki nyumba yetu ya Miti tangu enzi za wazungu

Baba mkwe alipofariki alituachia nyumba ya mawe kule Miti, upande wa Kabare. Ni nyumba ya plantasio ya zamani ya kenkina, ule mti wa kinini: kuta nene, dohani, vigae vimeota kuvu. Pamoja nayo karatasi moja ya mkono ya 1988, inasema bwana fulani amemuuzia. Huyo bwana naye aliipata wapi? Swali hilo ndilo nililopeleka kwenye biro (ofisi) moja ndogo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, inayofukua dosie za ardhi. Jina lao siliandiki, maana mengine nitakayosema si ya kuwasifu.

Tulipatana dola 150. "Wiki mbili tu, papa." Zikawa saba, na kila nikipiga simu, konsevateri, ofisa wa Serikali anayetunza hati za ardhi, yuko safarini. Katikati nikaombwa dola 40 zaidi za "kumtia nguvu anayeshika vitabu". Risiti hakuna. Nililipa, lakini ilinikera mpaka leo.

Kazi yenyewe wanaijua, lazima niseme. Kijana wao alinipangia nakala mezani kuanzia ile kongwe: jina la mkulima Mbelgiji na muhuri wa Costermansville, ndivyo mji wetu ulivyoitwa kabla ya 1954. Kisha pengo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza Zairianizasio, mashamba na maduka ya wageni yakagawiwa wenye nchi, na nyumba hii ikamwangukia mtu wa Kinshasa ambaye majirani wanasema alilala humo siku mbili tu. Sheria ya ardhi ya Julai mwaka huohuo ilikuwa imekwisha sema kwamba udongo wote ni wa Serikali, mtu anapewa haki ya kuutumia basi. Kwa hiyo sertifika (hati ya ardhi) ya yule bwana aliyemuuzia baba mkwe, ya 1979, ni ya miaka 25. Kijana akaweka kidole kwenye mstari huo akaninyamazia. Nikahesabu mwenyewe: 2004. Haikuongezwa, wala haikuwahi kugeuzwa kwa jina la baba mkwe. Maskini mzee, mwaka ule wa 1988 alinunua miaka 16 akidhani amenunua ya kudumu.

Kwa mstari huo mmoja sijutii pesa yangu. Na wenye nyumba za namna hii msikae: mtu mwingine akiiandikisha kwa jina lake, miaka miwili ikapita bila kesi, kumng'oa ni shida.

Walipokosea ni kwamba hawakupanda mlima kwenda Miti kuliona shamba lenyewe. Ramani ya ripoti yao imechora kila kitu kipande kimoja, kutoka nyumbani mpaka mtoni. Nilienda nayo Miti. Jirani mmoja mzee, aliyemenya maganda ya kenkina akiwa kijana, aliitazama, akacheka, akachukua fimbo yake. Tukashuka katikati ya muhogo hatua kama sitini. Akakwangua udongo kwa ncha ya fimbo, kikatokea kichwa cha jiwe la mpaka, la simenti, chenye namba iliyofutika nusu.

"Muzungu aliishia hapa," akasema. "Huku chini iko ya mwami. Bamkwe yako alitoa kalinzi, ngombe moja. Mimi niliiona, ilikuwa na baka nyeupe hapa."

Akagusa paji la uso wake. Kalinzi ni kile unachomtolea mwami, mtawala wetu wa jadi, ili akupe ardhi ya kutumia kimila.

Kumbe nusu ya shamba haina uhusiano wowote na sertifika. Kama tungeomba upya kwa ramani ile, tungekuwa tumeingiza ardhi ya kalinzi ndani ya konsesio, ile haki ya kutumia udongo wa Serikali, na kugombana na watu wa mwami bure.

Nawapa sita kwa kumi. Mkiwatumia, dai risiti na mkubaliane mapema nani anakwenda shambani. Ripoti yangu nimewarudishia; wamekubali kutuma mpimaji Jumanne bila malipo mengine. Nimewaambia aje na buti, na awahi, yule mzee hapendi kungojeshwa.