Portekle (vishika funguo) zangu zilitoka kama ziko ndani ya maziwa: maoni yangu juu ya resini ya chupa mbili

Hukumu kwanza, kilio baadaye: hii kiti (seti) ya resini ya epoksi, maji mazito yanayoganda kama kioo, chupa A ya resini na chupa B ya kugandisha, naipa nyota tatu na nusu juu ya tano, na kama mungeniuliza wiki tatu zilizopita ningeipa moja, tena kwa hasira. Nilinunua hapa Lubumbashi mjini, dola 28, duka silitaji juu yule jamaa hakunikosea kitu kikubwa, alisema tu "unachanganya, unamwaga, kesho iko kama kioo". Eeh. Kesho ilifika.

Kazi ilikuwa portekle 40 za ndoa, ndani ya kila moja kaetiketi kadogo ka foto ya maharusi na tarehe. Namwaga jioni, asubuhi natoa kwenye kalibu za silikoni, zote ziko na ukungu, majina unasoma kwa kukisia. Mama wa bibi harusi akashika moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaniuliza polepole kabisa: "Mwanangu, hawa watoto uliwatia ndani ya maziwa?" Ningefurahi kama angenitukana.

Nikarudi nyumbani nikipanga kurudisha chupa kwa duka. Halafu nikakaa na zile portekle mchana mzima, na njo nikaona kitu: wingu halikuwa moja. Zingine zilikuwa na uweupe juu tu, zingine uweupe umezunguka karatasi kama halo ya mtakatifu, zingine chache zote nzima kama maji ya mchele. Sasa hapo ndipo kazi yenyewe iko, kabla hujalaani chupa angalia wingu limekaa wapi.

Lile la juu lilinisumbua kushinda yote. Ukipitisha kidole unasikia mafuta mafuta, kama sabuni haikusuuzwa. Muko munajua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu, usiku inashuka chini ya digrii 10, na mimi nikajiona mwenye akili, nikaingiza mbabula (jiko la makaa) ndani ya chumba, makala yamewaka vizuri, nikafunga mlango ili resini ipate joto. Kumbe njo mimi nilijiharibia! Makala yakiwaka yanatoa gesi ya kaboni dioksaidi, na ile chupa B ikikutana na hiyo gesi pamoja na unyevu wa hewa kabla resini haijashika, inatengeneza kale kangozi keupe juu. Kwa hiyo nilipofukuza baridi nikaita ugonjwa mwingine. (Na tusisahau mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu kila baridi, kwa hiyo hata bila resini ile ilikuwa ujinga.) Habari nzuri ni kwamba kale kangozi kanatoka: maji ya vuguvugu na sabuni, sponji, unakausha, unapiga msasa mwembamba, unapaka resini kidogo juu. Portekle kumi na moja niliziokoa hivyo.

La kuzunguka karatasi, hapo resini haina kosa hata kidogo. Karatasi iko na hewa na maji ndani yake, resini ikiingia hewa inatoka kwa tupovu tudogo tudogo kushinda macho, tukikusanyika unaona ukungu. Tena karatasi ikinywa resini inakuwa kama ile ya kufungia mikate ya mafuta, nyeupe inapotea, unaona mpaka upande wa pili. Dawa yake watu wengi wanajua, unaifunga karatasi kwa kola (gundi) nyeupe ya maseremala, mbele, nyuma, na hasa pembeni pale mkasi umepita, kwa sababu pale njo mdomo wazi. Mimi nilipaka, lakini nilipaka saa kumi nikamwaga saa kumi na moja! Kola ambayo haijakauka sawasawa inarudi kuwa maziwa ikifungiwa ndani, na huwezi tena kuitoa. Sasa napaka mara mbili nyembamba, naacha mpaka kesho yake, halafu napiga kwanza resini kidogo kwa brashi juu ya etiketi, nangoja ipumue, njo namwaga iliyobaki.

Na etiketi zenyewe, kwa sekretaria (duka la kuchapisha) walinitolea na emprimante (printa) ya wino wa maji, nikipaka kola tu nyekundu ya gauni inakimbia hadi kwenye shati ya bwana harusi. Ombeni ya leza. Inazidi bei kidogo lakini unga wake unashika, haukimbii.

Zile za wingu lote, ilikuwa mimi na chupa A. Asubuhi moja niliikuta imeganda na chembe nyeupe chini, kama mafuta ya mawese mwezi wa saba, nikasema imeoza. Haijaoza. Unaifunga kifuniko vizuri, unaiweka ndani ya maji ya moto (siyo ya kuchemka), unageuza geuza, inarudi kama maji. Mimi sikungoja ziyeyuke zote, nikachanganya hivyo hivyo. Tena chupa ilitoka kwenye beseni na maji mgongoni, sikuipangusa, tone likaingia kwenye kikombe. Tone moja! Resini na maji hazipatani kabisa.

Nyota moja nzima naikata kwa kale kakaratasi ka maelezo. Kimeandikwa 2 kwa 1, basi, hakisemi ni kwa ujazo ao kwa kilo. Mimi nikachukua balansi (mizani) ya jikoni, gramu 20 za A, gramu 10 za B, najivuna na usahihi wangu. Lakini A iko nzito kuliko B kwa kipimo kilekile, kwa hiyo gramu 10 za B ni nyingi kushinda inavyotakiwa, na portekle zikabaki laini, unakunja kama ulimi. Nilihamia kwa seringi za famasi, seringi moja ya A, ingine ya B, usizichanganye, mililita 20 za A kwa mililita 10 za B, shida ikaisha siku hiyohiyo. Nusu nyota ingine naikata juu hawakuweka hata glavu, na hii kitu si ya kushika na mikono mitupu.

Kitu kimoja cha bure kwenu. Kama hujui wingu liko ndani ao nje, lowesha kidole upake juu ya portekle. Ikingaa palepale ni ngozi ya nje tu, mara nyingi kalibu yako haing'ari ndani, unapaka resini kidogo kwisha. Isipongaa, wingu liko ndani, pole ndugu yangu. Na mjaribu kwanza kwa etiketi nyeupe, msianze na nyeusi. Jirani yangu aliniomba ya Mazembe, timu yetu ya mpira, nyeusi na nyeupe, ile nyeusi inatangaza kila kapovu.

Mara ya pili nilimwaga mchana, chumba kina jua, bila mbabula, nimekoroga polepole dakika tatu, nimepitisha moto wa brikete (kiberiti cha gesi) juu haraka haraka kufukuza povu. 38 zilitoka safi, unasoma mpaka tarehe. Mbili ziko na povu moja kubwa, ya kwanza pembeni, ya pili imekaa juu ya pua ya bwana harusi kabisa. Nilitaka kuzitoa, yule mama wa bibi harusi akakataa, ile ya pua njo ameweka kwa funguo zake.

Nitanunua tena kiti hii hii, ila nitangoja mwezi wa tisa joto lirudi.