Matembezi ya Usiku ya Kutazama Watoto wa Kasa: Huduma Nzuri, Taa Mbaya

Jambo la kwanza ninalolisifu katika matembezi ya kutazama watoto wa kasa, yaliyoandaliwa na hoteli tuliyofikia kisiwani, ni lile ambalo baadhi ya wageni walilinung'unikia: mwongozaji alikataa katakata kutuahidi kwamba tungeona chochote. Mayai ya kasa hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili, na kwa kuwa mchanga wenye joto huyaharakisha na wenye ubaridi huyachelewesha, hata walinzi wa ufukwe walioandika tarehe ambayo mama alitaga huweza kukadiria usiku tu, si saa. Mtoa huduma anayekutajia saa kamili huenda amewaweka watoto hao ndooni, akisubiri wageni watimie.

Desturi hiyo ya ndoo ni ya kukataliwa. Kasa hutoka yaini akiwa na mabaki ya kiini tumboni, na akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kuogelea karibu siku nzima bila kupumzika, hadi ayapite maji ya kando ya pwani ambamo samaki na ndege humwinda. Akifungiwa chomboni huimaliza kwa kupapatika bure, kisha huachiwa jua likiwa bado linawaka ili picha zitoke vizuri, saa ambayo ndege nao humwona vizuri.

Sisi tuliketishwa nyuma ya kiota, upande wa nchi kavu, tochi ikiwa moja tu, ya mwongozaji, yenye mwanga mwekundu. Dalili ya kwanza ilikuwa mchanga kubonyea. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba watoto hao walikuwa wamefanya kazi ya pamoja kwa siku kadhaa: wa juu hukwangua dari, mchanga huwaangukia wa chini nao huukanyaga, hivyo kundi zima hupanda taratibu, na likifikia mchanga uliochomwa na jua husimama hadi usiku uupoze. Kisha walitoka kwa makumi, kila mmoja akitosha kukaa kiganjani, ingawa hakuna aliyeruhusiwa kumgusa hata mmoja. Mgeni aliyetaka kumbeba mmoja hadi majini alizuiwa kwa upole, akaambiwa kwamba mwendo ule mfupi wa kutambaa humsaidia kasa kushika mwelekeo atakaoufuata baharini.

Kasoro kubwa ni taa. Watoto wa kasa huufuata mwanga wa upeo wa bahari na kuukimbia weusi wa miti, kwa hiyo taa za baraza ya kulia chakula, zilizoachwa zikiwaka, ziliwageuza wachache kuelekea hotelini mpaka mhudumu alipokwenda mbio kuzizima. Hoteli inayouza matembezi haya haina udhuru: taa zote zinazotazama ufukwe zizimwe au zikingwe msimu mzima, kwani viota vingi huanguliwa pasipo mtazamaji yeyote.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ilifuata siku chache baadaye, mchana, walinzi walipokifukua kiota hicho kuhesabu maganda na kuwatoa watoto walionaswa na mizizi. Hapo tulielezwa kwamba jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga, mpaka ukiwa kwenye nyuzi 29 hivi za Selsiasi: joto likizidi hapo, majike huwa wengi; likipungua, madume. Ndiyo maana fukwe zinazozidi kupata joto ni jambo la kutia hofu. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya kasa wa kijani wachanga waliotoka huko walikuwa majike. Zoezi hili linawafaa sana wenye watoto wadogo wasioweza kukesha, na inasikitisha kwamba halikuwa kwenye ratiba. Tulilijua kwa kuuliza tu.

Anayekusudia kwenda apange kulala kisiwani usiku kadhaa katika msimu wa kuanguliwa, avae nguo za rangi nyeusi, na simu aiache chumbani.