Albamu ya kwanza ya Dire Straits, na wimbo uliokatika kwenye kanda

Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanda ya dakika 60 aliyorekodi redioni. Ubavuni aliandika neno moja tu kwa kalamu, "Mchanganyiko". Hakukuwa na jina la mwimbaji wala la wimbo. Upande wa kwanza uliishia na kibao ambacho mtu anasimulia kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na wewe peke yako, habari za bendi inayopiga jazi usiku wa mvua mbele ya watu wachache. Kila akimaliza mstari, gitaa linamwitikia. Beti zinakwisha, gitaa linaachiwa uwanja, linaanza kupanda ngazi, vidole vinazidi kasi, halafu: tak! Kitufe kimeruka. Kanda imefika mwisho.

Kwa karibu miaka miwili huo ndio wimbo niliokuwa nao. Niliurudisha nyuma kwa kalamu ili nisimalize betri, nikausikiliza tena, na tena ukanikatikia palepale. Nilijaribu kuumalizia kichwani. Siku moja rafiki wa kaka alinikuta naupiga mluzi, akasema bila hata kufikiri, "Hao ni Dire Straits. Sultans of Swing." Nikamwomba aniandikie kwenye karatasi, maana sikujua herufi zake.

Ndiyo maana nilipoipata albamu yenyewe, iitwayo Dire Straits kama bendi yenyewe, iliyotoka mwaka 1978, niliruka nyimbo tano nzima na kwenda moja kwa moja kwenye wa sita. Nikausubiri ule mwisho. Na ulikuja! Baada ya pale kanda ilipokuwa inakata, Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa la solo wa bendi, anavunja kodi (noti zinazopigwa pamoja) noti mojamoja kwa kasi ya ajabu, juu chini, juu chini, na bado kila noti inasikika peke yake, safi, haikugusana na mwenzake. Kisha wimbo unafifia taratibu huku gitaa likiendelea, kana kwamba wao hawakuacha kupiga, ni sisi tuliofungiwa mlango. Nilikaa kimya. Kichwani nilikuwa nimeumalizia kwa kelele na kishindo, na wao hawakuhitaji hata kimoja.

Baadaye nilipoanza kufuatilia habari zao nikagundua kwamba wasikilizaji wa kwanza kabisa wa bendi hii nao waliipata karibu kama mimi. Mwaka 1977 wanamuziki hawa wanne waliokuwa London walirekodi kanda ya majaribio na kumpelekea Charlie Gillett, mtangazaji wa BBC Radio London, wakitaka ushauri wake tu. Yeye akaupenda Sultans of Swing, akaupiga hewani. Muda si mrefu wakawa na mkataba wa kurekodi. Hata jina la bendi lilitokana na ukata: maana yake ni kuwa katika dhiki, na dhiki waliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya fedha. Knopfler hakuwa kijana mdogo. Alishafanya kazi ya uandishi wa habari na ya ualimu. Ukimsikiliza akisimulia utauona ule uandishi. Haimbi "nakupenda" hewani tu, anakuonyesha mtu, mtaa na taa.

Sasa niizungumzie albamu yenyewe, maana watu huniuliza waanzie wapi na bendi hii.

Wengi waliwajua kupitia Brothers in Arms ya mwaka 1985, na si ajabu, ndiyo iliyouza kuliko zote na ilikuwa ya kwanza kuuza nakala milioni moja kwa mfumo wa CD. Wengine waliwaona kwenye televisheni, kwa ile video ya Money for Nothing yenye watu waliochorwa kwa kompyuta. Ndiyo video iliyofungua MTV ya Ulaya, kituo cha televisheni cha muziki, mwezi Agosti 1987. Naipenda Brothers in Arms, sitaisema vibaya. Lakini ina vinanda vingi na ukubwa mwingi. Ukianzia pale unaweza kumaliza albamu nzima bila kujua kwa nini watu wanaokung'uta magitaa wanamtaja Knopfler kwa heshima.

Hii ya kwanza haina pa kujificha. Ni gitaa la solo, la rithimu, la besi na ngoma, basi. Rithimu ni mdogo wake Mark, David Knopfler, besi ni John Illsley, ngoma ni Pick Withers. Mark hatumii kile kipande kidogo cha plastiki cha kucharazia nyuzi. Anacharaza kwa vidole vitupu, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya gitaa linaloongea. Kuna nyama ya kidole kwenye kila noti. Weka hedifoni usikilize Six Blade Knife: ngoma inagongwa kidogo sana, besi inatembea kwa kunyata, na kati yao kuna nafasi tupu ambayo bendi nyingine zingeijaza haraka. Withers hasifiwi vya kutosha. Ni mpiga ngoma anayejua kunyamaza.

Water of Love ndio ninaorudia zaidi siku hizi. Ni wimbo wa mtu mwenye kiu ya mapenzi jangwani, gitaa linateleza badala ya kupiga hatua, na sijauchoka mpaka leo. Down to the Waterline, unaofungua albamu, unaanza kama ukungu wa bandarini kabla rithimu haijaingia na kukimbia.

Si zote tisa zina uzito sawa. Setting Me Up unapita haraka na kuondoka bila kuacha kitu kwangu, na Lions, wa mwisho, unafunga kwa unyonge kidogo. Wild West End umejaa mitaa ya London, na asiyeijua atabaki na hisia tu bila picha. Sauti ya Mark pia inamezwa mara nyingine, maneno yanapotelea mdomoni, hivyo mara ya kwanza utahitaji kuyasoma. Ukipata toleo lililosafishwa upya mwaka 1996, chukua hilo. Besi inasikika vizuri. Usisikilize kwa spika ndogo ya simu. Utapoteza nusu ya Illsley.

Na tafadhali usiruke nyimbo kama nilivyofanya mimi. Acha zile tano zikufikishe.

Mwaka juzi kaka alinitembelea nikamwekea albamu yote bila kusema kitu. Hakuwa ameusikia wimbo ule tangu kanda yake ilipokatika kabisa na kutupwa. Ulipofika pale gitaa linapoanza kupanda, alinyanyuka kitini, mkono tayari umenyooshwa kuelekea kwenye mashine ili ageuze upande. Gitaa likaendelea. Akabaki amesimama hapohapo mpaka wimbo ukafifia.