Unafungua kawoshi Dodoma? Nunua vifaa kwa mpangilio huu

Watu wengi wakitaka kufungua sehemu ya kuosha na kupolishi magari hapa Dom wanaanzia kwenye mashine ya kupolishi, kisa ndo inayopendeza kwenye video. Mi nakataa. Gari la Dodoma adui yake wa kwanza ni vumbi, wa pili maji ya chumvi, mikwaruzo inafuata baadae na mingi inaletwa na hilohilo vumbi dereva akilifuta na kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kwenda kazini Mtumba kwenye mji wa serikali. Pesa yako ifuate mfuatano huo.

Namba 1: tenki na kivuli. Najua ulitaka kusikia mashine, subiri. Mashine ya presha ya kawaida inakula kama lita 8 mpaka 12 kwa dakika, sa ukibonyeza bunduki jumla ya dakika 8 kwa gari moja ushamaliza lita 80 hivi bado ndoo za sabuni, na siku ya mgao bomba likikauka wewe na vijana wako mnakaa mnaangaliana. Simtank ya lita 2,000 inakupa magari 20 na ushee. Halafu maji ya huku mengi ni ya visima, yana chumvi, yakikaukia kwenye bodi juani yanaacha madoa meupe ambayo mteja ataamini hujaosha, kwaiyo piga paa la bati au hata neti ya kivuli kabla ya vitu vingine vyote, na ununue mataulo ya maikrofaiba ya kutosha ya kukaushia. Mwenye nafasi avune maji ya mvua Desemba mpaka Machi ayaweke tenki lake peke yake, hayana chumvi, ya kusuuzia mwisho zile V8 nyeusi.

Namba 2: mashine ya presha. Hapa usiangalie namba kubwa ya baa (kipimo cha presha) iliyoandikwa kwenye boksi, angalia mota. Zile ndogo nyepesi za nyumbani zina mota ya makaboni, zinapiga kelele na hazikutengenezwa kufanya kazi kutwa. Tafuta yenye mota ya indaksheni, ni nzito kubeba ila inavumilia kazi ya mfululizo, baa 100 mpaka 150 inatosha kabisa kwa gari, zaidi ya hapo ukisogeza nozeli karibu unabandua rangi iliyoanza kuachia. Isizidi kilowati 3 kama unachomeka kwenye soketi ya kawaida ya 13A, maana hapo ndo mwisho wake. Waya wa ekstensheni uwe mnene, wa mm² 2.5 usiwe 1.5, na usiwe mrefu bila sababu, umeme ukishuka njiani mota inachemka. Eathi na breka ya kukata umeme ukivuja ni lazima, mko kwenye maji nyie. Na usilipe kabla haijawashwa mbele yako ikiwa na maji, pia uliza oringi (vile viringi vya mpira vya kuzuia maji kuvuja), hosi na nozeli zake zinapatikana hapahapa mjini au ni mpaka Kariakoo.

Namba 3: vakyumu. Vumbi letu ni laini kama unga wa muhogo, linaingia kwenye reli za viti, matundu ya AC, kila mahali. Chukua ya kufyonza maji na vumbi, mtungi lita 30 kwenda juu, ila kitu cha kuuliza kwanza ni filta: inaoshwa? ya akiba ipo? Filta ikiziba inavuta kidogo na mota inaungua taratibu, kwaiyo uwe nazo mbili, moja ikikauka nyingine iko kazini. Yenye mota moja inatosha kuanzia.

Namba 4: kompresa ya upepo ya lita 50. Inapuliza vumbi sehemu ambayo vakyumu haifiki na kutoa maji kwenye vioo vya pembeni na vitasa. Toa maji chini ya mtungi kila jioni, basi.

Namba 5: mashine ya kuoshea viti, ile inayopiga sabuni na kufyonza palepale. Naiweka juu ya polishi makusudi: ukiwa nayo unaosha viti vya Noah na Hiace, halafu unaitwa majumbani Kisasa na Ipagala kuosha masofa na mazulia, hata siku mvua ikinyesha na hakuna gari.

Namba 6: polisha. Sasa ndo yake. Nunua ile inayozunguka huku inacheza, wanaiita DA, sio rotari, ile inayozunguka tu. Rotari inakata haraka lakini inaleta joto, kijana mgeni akiikalisha sehemu moja au kwenye kona ya boneti anachoma rangi, na magari mengi ya mtumba hujui yameshapigwa polishi mara ngapi huko nyuma. DA ni ya polepole, makosa yake madogo.

Mashine ya mvuke na lifti ya kunyanyulia gari acha kwanza, rampu ya zege inafanya kazi ileile. Jenereta nayo usikimbilie kale kadogo: mota ya indaksheni ikiwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwaiyo mashine ya kilowati 2 kwenye jenereta ya kVA 2.5 inaguna tu haizunguki. Kama lazima, anzia kVA 6, au siku ya kukatika umeme fanya kazi za ndoo na kitambaa.