Nilivyochoma nakala 40 za jubilei: uzoefu wangu na DVD+R, DVD-R na DVD-RW

Wazazi wangu walitimiza miaka 50 ya ndoa, na jubilei tukaifanya nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, siku mbili baada ya Krismasi, wakati ukoo mzima umepanda mlimani kama ilivyo desturi yetu. Kazi ya video nilipewa mimi. Vijana niliwarushia kwenye simu yakaisha. Wazee walitaka kitu cha kushika mkononi, cha kutia kwenye deki na kuwaonyesha wageni. Zilihitajika nakala 40 kabla watu hawajashuka kurudi Dar.

Nikateremka Moshi mjini, duka moja la vifaa vya kompyuta, nikanunua boksi la vipande 50. Niliuliza kama zitasoma kwenye deki za kawaida. Kijana akanijibu, "Kaka, DVD ni DVD, hizi zote zilezile." Juu ya boksi iliandikwa DVD+R. Ile alama ya kujumlisha sikuitilia maanani.

Nilichoma kumi usiku huo. Asubuhi tukatia ya kwanza kwenye deki ya baba, ambayo ina umri mkubwa kuliko mdogo wangu wa mwisho. Ikazunguka, ikakoroma, ikaandika kwamba hakuna diski ndani. Ya shangazi kule Uru, hali ileile. Deki ya jirani, iliyonunuliwa miaka ya karibuni, ikaisoma bila shida yoyote. Baba hakusema neno. Aliitoa ile diski, akaifuta kwa kanga ya mama, akairudisha tena.

Nikaanza kusoma kuhusu jambo hili, na ningependa anayetaka kuchoma video ya kipaimara au ya harusi alijue kabla hajatoa hela. DVD-R ilitangulia: ilitoka kwa Pioneer mwaka 1997. DVD+R ikaja 2002, kazi ya kundi jingine la kampuni, Philips na Sony wakiwemo. Ukizishika mkononi huzitofautishi: zote zina rangi ya zambarau chini, zote ni za kuchoma mara moja tu, zote zimeandikwa GB 4.7. Tofauti ipo kwenye alama ndogo ndogo zinazoiongoza miale ya leza wakati wa kuchoma, na kwenye utambulisho ambao kila diski hubeba ndani yake. Deki iliyotengenezwa kabla ya DVD+R kuzaliwa ikikutana na utambulisho isioujua, inaweza kugoma hata kama picha zote zimo humo ndani salama.

Kwa DVD+R kuna dawa. Baadhi ya mashine za kuchomea zinaweza kuipa diski utambulisho wa DVD ya kiwandani, ile ya filamu za dukani. Mpangilio huo huwekwa kabla ya kuchoma, ukishachoma umechelewa. Mashine yangu iliuruhusu, nikachoma tano kwa njia hiyo, na deki ya shangazi ikakubali. Ya baba ikaendelea kukataa.

Nikarudi mjini kununua DVD-R, vipande 50 vingine, duka tofauti. Hizo ndizo zilizoniokoa. Ya kwanza kuingia kwenye deki ya baba ilionyesha padri akiwabariki, na mama akapiga kigelegele palepale sebuleni. Kati ya 40 nilizogawa, mbili tu zilirudi, zote kutoka Rombo, nikazichoma upya.

Lakini DVD-R peke yake haitoshi kama uchomaji ni wa haraka haraka. Diski zangu zimeandikwa kasi ya 16 (16x). Nilichoma kwa kasi ya 4, karibu robo saa kila moja, ilhali kwa kasi kubwa ningemaliza kwa dakika sita hivi. Zile chache nilizokimbiza zilikuwa zinakwamakwama kwenye deki kuukuu, hasa kuelekea mwisho wa video. Umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi, na kipande hicho nikakitupa, kwa sababu palipochomwa hapafutiki.

Jambo jingine lililonichelewesha ni ukubwa. Video yangu ilikuwa GB 4.5 kwa hesabu ya kompyuta, nikaona nafasi ipo tele. Ikakataa. GB 4.7 ya kwenye boksi inahesabiwa kwa baiti bilioni 4.7, na kompyuta yenye Windows huionyesha kama 4.38 hivi. Nikapunguza hotuba za wajomba. Tena, ukiburuta faili la simu ukalibandika tu kwenye diski, deki ya zamani haitaliona; inabidi programu iligeuze liwe DVD ya video yenyewe, kisha mwishoni diski ifungwe (programu huita "finalize"). Isipofungwa, itasoma kwenye mashine iliyoichoma na kugoma kwingine.

DVD-RW nilinunua tano za majaribio. Hizi hufutwa na kuchomwa tena, hadi mara 1,000 hivi. Kwa kukagua mpangilio wa menyu na sauti kabla ya kuharibu diski za kudumu, nazipenda sana. Kwa kumpa mzee, hapana. Uso wake hurudisha mwanga hafifu kuliko DVD-R, na deki ya baba haikuziona kabisa. Zile za tabaka mbili, GB 8.5, sikuzigusa, bei ilinizidi.

Wakati wa kazi hiyo mama alinitolea CD ya mwaka 2004, nyimbo za bibi akiimba na jumuiya yake. Kuna mtu aliandika jina la bibi juu yake kwa kalamu ya wino, akikandamiza. Nilipoiinua dirishani niliona mwanga ukipenya kwenye herufi. Kwenye CD, tabaka lenye sauti liko juu kabisa, chini ya rangi nyembamba tu ya kinga, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa maandishi ni mbaya kuliko wa chini. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja na data iko katikati, ndiyo maana inavumilia zaidi. Hata hivyo nakala zangu zote nimeziandika kwa kalamu laini ya maka, sikubandika stika, na nimewasihi wazee wasiziache kwenye jua, kwa sababu ile rangi inayoshika picha huharibiwa na mwanga.

CD ya bibi niliitia kwenye mashine tatu. Ya tatu, ya rafiki yangu wa Majengo, ilisoma nyimbo 11 kati ya 14. Nimezichoma kwenye DVD-R mbili, moja ipo kabatini kwa mama Kibosho, nyingine kwangu, na nakala ya tatu ipo kwenye diski ya nje. Nyimbo tatu zilizobaki bado nazitafutia mashine.