Koili ya magineti imeungua: isukwe au inunuliwe mpya?

Ukiingia duka la vipuri pale Mwanjelwa, Mbeya, ukaomba "stata", utaletewa mota ya kuwashia. Hapa tunazungumzia sahani yenye meno ya chuma yaliyozungushiwa waya wa shaba, ile inayokaa ndani ya magineti (gurudumu lenye sumaku linalozungushwa na injini) upande wa kushoto wa injini. Mafundi wengi huiita koili ya magineti, nasi tutaiita hivyo. Ikiungua, betri haichaji, taa zinafifia, na kwenye baadhi ya pikipiki cheche ya plagi inapotea kabisa.

Njia ni tatu: kuisuka mwenyewe nyumbani, kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota, au kununua nyingine. Tunazilinganisha kwa pikipiki za abiria na mizigo za cc 100 hadi 150. Kauli yetu tuitoe mapema. Koili za taa na chaji zinasukika vizuri, na zikisukwa kwa shaba halali huipita kopi ya bei ya chini. Koili ya cheche, yenye waya mwembamba kama unywele, usiisuke, nunua. Na kama hujajua kilichoiunguza ya kwanza, njia yoyote utakayochagua ni ya kukurudisha dukani.

Thibitisha kwanza kwamba imeungua kweli, maana koili nzima nyingi hutupwa bure. Chomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye magineti. Weka testa (mita ya kupimia umeme) kwenye ohmu, gusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe, na usomaji huo (mara nyingi 0.2 au 0.3) uutoe kwenye kila kipimo kitakachofuata. Koili nzima ya taa na chaji husoma kidogo sana, kati ya ohmu 0.3 na 1 hivi. Koili ya cheche husoma mamia ya ohmu. Pulsa, ile ndogo inayohisi mzunguko, husoma kwa kawaida mia moja hadi mia mbili na kitu.

Kosa linalojirudia ni kupima kati ya waya na bodi (chuma cha pikipiki), testa ikalia, koili ikahukumiwa. Kwenye injini nyingi za Kichina za aina ya CG, ncha moja ya koili imefungwa bodi makusudi (waya wa kijani), mweupe ni wa chaji na wa njano ni wa taa. Testa ikilia hapo ni sawa kabisa. Ila kwenye mfumo wa nyaya tatu za njano, hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusana na bodi. Testa ikilia hapo, koili imekwisha. Mizunguko michache iliyogusana yenyewe kwa yenyewe haionekani kwa ohmu. Hiyo pima kwa volti za AC, soketi ikiwa imechomolewa na injini inanguruma: volti zipande kadiri unavyovuta mafuta, na kwa nyaya tatu za njano, jozi zote tatu zisome karibu sawa. Jozi moja ikibaki nyuma, huko ndiko kulikoungua.

Sasa chanzo. Rekitifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uwe wa kuchaji betri) za pikipiki nyingi haziuzimi umeme wa ziada. Betri ikishajaa, huufunga umeme huo urudi bodi, kwa hiyo koili inafanya kazi kwa nguvu karibu ileile hata ukizima taa. Ndiyo maana lawama wanazopewa wenye spotilaiti ni za nusunusu: taa za nyongeza humaliza betri kabla hazijamaliza koili. Vinavyounguza hasa ni joto lisilopata pa kutokea, maungio mabovu na rekitifaya iliyokufa. Boda inayopanda milima ya Uporoto na magunia ya viazi kwa gia ya kwanza inazungusha injini sana huku upepo ukiwa mdogo, na kama oili imepungua, ile koili inayopozwa kwa oili inabaki inajikaanga. Soketi iliyolegea hupata moto, plastiki ikayeyuka, nyaya zikagusana. Rekitifaya nayo ikifa kwa kushikana ndani, humaliza koili mpya kwa muda mfupi. Ipime kwa alama ya dayodi kwenye testa, kati ya kila waya wa AC unaochaji na mwekundu: ipitishe upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote mbili, itupe kabla hujagusa kitu kingine.

Kusuka nyumbani ni kazi ya siku mbili, na siku ya pili ni ya kukausha tu. Chagua jino ambalo halijaungua sana, fungua waya wake taratibu ukihesabu mizunguko. Usihesabu kwenye jino lililoungua, waya hukatikatika na hesabu inapotea. Piga picha kabla ya kukata chochote, uandike kila jino lilianzia upande gani na limezungushwa kuelekea wapi. Kipenyo cha waya kipime baada ya kuondoa enameli (rangi inayouhami waya) kwa msasa laini. Koili nyingi za taa huangukia kati ya milimita 0.8 na 1.0.

Hesabu ya waya ni rahisi. Tuseme meno 7 ya taa, kila moja mizunguko 60, na kila mzunguko wastani wa sentimita 8. Hiyo ni karibu mita 34. Waya wa shaba wa milimita 0.9 una uzito wa gramu 5.7 hivi kwa mita, kwa hiyo unahitaji gramu 190; nunua 250 kwa ajili ya ncha na makosa. Ukikosa 0.9, sokota nyuzi mbili za 0.63 pamoja, eneo la shaba linakaribia kuwa lilelile. Uliza waya wenye enameli ya kuhimili nyuzi joto 180 au 200. Waya uliofunguliwa kwenye transfoma ya redio mbovu hautufai, hata ukiwa wa bure.

Kuna wanaotupa sahani nzima kwenye mkaa ili waya utoke kirahisi. Moto huo unaunguza rangi ya kuhami juu ya meno na kati ya vibati vinavyounda chuma, na koili itakayosukwa hapo itapata moto kuliko ya mwanzo. Kata waya kwa koleo upande wa juu wa kila jino, vuta kipande kwa kipande. Kisha kagua pembe za meno, maana huko ndiko rangi hutoka na waya ukagusa chuma. Palipo wazi pakae epoksi ya kuhimili joto, ikauke kabisa. Epoksi ya dakika tano ya kubandikia vikombe inalainika kwenye joto la injini.

Zungusha kwa mkono, waya ukikaa ubavuni mwa mwenzake, ukikaza bila kuukwaruza. Kusukumia tumia kijiti cha mwanzi, kamwe si bisibisi. Waya usizidi urefu wa jino, kwa sababu nafasi kati ya meno na sumaku haifiki milimita moja kwenye injini nyingi.

Mwelekeo ndio unaowaangusha wengi. Kwenye koili ya njia moja ya umeme yenye meno 8 na sumaku 8, kila jino lisukwe kinyume cha jirani yake. Ukikosea jino moja kati ya saba ya taa, hupotezi la saba tu: hilo linapingana na lingine, unabaki na nguvu ya matano. Ile ya njia tatu (yenye nyaya tatu za njano), kwa mfano meno 18 na sumaku 12, husukwa meno yote mwelekeo mmoja, na kila njia huruka kwenda jino la tatu.

Kabla ya vanishi, pima upya kila kitu. Maungio yasokotwe kwanza ndipo yalehemiwe, kwani risasi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi na haifai kushika waya peke yake. Funika kwa slivu (mrija) ya nyuzi za glasi, funga kwa uzi wa pamba. Waya wa umeme wa nyumbani usiutumie kutoa nje, ganda lake linakakamaa na kupasuka ndani ya oili.

Vanishi iwe ya mota, inayokaushwa kwa joto. Ya samani ikikutana na oili ya moto inalainika na kubanduka. Pasha sahani ivuguvugike, izamishe hadi mapovu yaishe, ining'inize ichuruzike, iache nje saa kadhaa kwa sababu mvuke wake unashika moto, ndipo uioke karibu nyuzi 130 kwa saa 3 au 4, au kadiri kopo linavyoelekeza. Oveni isiwe ya chakula. Na kukausha kwa mvuke wa sufuria ni kujidanganya: kwa mwinuko wa Mbeya jiji, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 tu.

Hiyo oveni ndiyo inayofanya fundi wa kusuka mota awe chaguo letu la kwanza kwa mtu asiye na vifaa. Hawa wanaosuka mota za mashine za kusaga na pampu wana waya wa vipimo vyote na mkono wenye mazoea. Udhaifu wao ni kwamba wamezoea mota inayopozwa kwa hewa. Asipoambiwa, anapaka vanishi ya kukauka yenyewe. Mwambie wazi kwamba hii inalala kwenye oili. Muulize waya ni wa milimita ngapi na mizunguko amehesabu mingapi. Akijibu "nimejaza tu hadi ikatosha", ondoka na sahani yako.

Dukani nako kuna mitego. Linganisha idadi ya meno, matundu ya boliti na kipenyo na ya zamani. Rangi za nyaya usiziamini. Omba ukwaruze ncha ya waya mmoja wa koili: ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini ina upinzani wa karibu mara 1.6 wa shaba, hivyo kwa kipenyo kilekile inapata moto zaidi. Wepesi wake pia unausikia mkononi. Kwa Boxer na TVS tungenunua ya wakala na kuachana na kusuka, hasa kama chombo ni cha mkataba na hesabu ya bosi haisubiri vanishi ikauke. Pikipiki ambayo vipuri vyake halisi haviletwi tena, isuke. Koili ya mtumba haina faida, enameli yake imeshazeeka kama yako.

Wakati wa kurudisha, magineti itolewe kwa pula (kifaa cha kuivutia) yenye uzi wa skrubu unaolingana, si kwa nyundo, maana sumaku hupasuka au hubanduka. Futa vumbi la chuma kwenye sumaku, weka gasketi mpya, jaza oili. Washa, vuta mafuta hadi kati, na betri isome kati ya volti 13.8 na 14.8. Halafu panda mlima mmoja na mzigo, simama, shika soketi. Ikikuunguza vidole, ikate uweke nyingine siku hiyohiyo.