Geji ya meno ya bolti, ndimi 52: inatosha kulitambua gari la mbio la gerejini?

Magari ya mbio yaliyoundwa na watu binafsi huko Uswidi, Ufini, Denmark na Norwe baada ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi hayana karatasi za kuaminika. Fremu ilikatwa na kuchomelewa upya, injini ikahama gari moja hadi jingine, bodi ikagongwa nyingine. Chuma ndicho shahidi anayebaki, na kukihoji chuma kunaanzia kwenye bolti.

Geji inayouzwa sana ni hii ya ndimi 52, yaani vibamba vyembamba vyenye meno unavyolinganisha na meno ya bolti: upande mmoja metriki (ya milimita), pembe ya jino nyuzi 60, upande wa pili Whitworth (ya inchi, ya Kiingereza), nyuzi 55, kuanzia meno 4 hadi 62 kwa inchi. Namba zimechongwa vizuri. Tatizo ni kwamba haina ulimi hata mmoja wa inchi wenye nyuzi 60, yaani meno ya Kimarekani, na nusu ya kazi yetu ni ya Kimarekani.

Chukua Ford V8 ya vali za pembeni, injini iliyopendwa sana na waunda magari wa huko. Stadi za silinda hedi (bolti zisizo na kichwa, zenye meno ncha zote mbili) ni inchi 7/16, meno 14 kwa inchi upande unaoingia kwenye bloku. Whitworth ya 7/16 nayo ni meno 14. Ulimi utakaa, nawe utafurahi, na utakuwa umedanganyika. Inua bolti na ulimi mbele ya taa: kama mwanga unapita ubavuni mwa meno, pembe si 55. Njia ya uhakika zaidi ni kupima upande wa nati wa stadi hiyohiyo. Meno 20 ni ya Kimarekani. BSF, meno ya Kiingereza yaliyo membamba kuliko Whitworth, ingekuwa 18. Ukishajua ni Ford, hesabu stadi: 21 kwa kila hedi ni ya miaka ya 1930, 24 ni ya baadaye, na 17 ni ile ndogo ya nguvu farasi 60. Nyumba ya klachi ikiwa kipande kimoja na bloku, injini iliyotengenezwa Marekani si ya 1949 wala baada yake.

Kwenye magari madogo ya cc 500 mtego ni mbaya zaidi. Mengi yalibeba JAP ya spidwei, injini ya Kiingereza ya pikipiki za mbio, kipenyo milimita 80 na mwendo wa pistoni 99, cc 498. Effyh, lililotengenezwa Malmö na ndugu wa Håkansson, ni mfano unaojulikana. Kwenye injini za pikipiki za Kiingereza utakuta meno 26 kwa inchi ya aina ya baiskeli, ambayo pembe yake ni 60, si 55. Ulimi wa Whitworth wa 26 una hatua sahihi (umbali wa jino hadi jino) na pembe mbovu. Ulimi wa metriki wa milimita 1.0 una pembe sahihi na hatua mbovu kidogo, maana 26 kwa inchi ni milimita 0.977. Kwenye meno matatu hutaona tofauti. Kwenye meno kumi inafika milimita 0.23, na hapo ulimi unaanza kupanda. Bolti fupi usiiamini kabisa. Mkanganyiko kama huo upo kati ya meno 20 kwa inchi (milimita 1.27) na metriki ya 1.25.

Basi fanya hivi. Safisha meno kwa mafuta ya taa na brashi ya shaba, usitumie ya chuma. Pima kipenyo cha nje kwa kalipa kwanza, kisha ndiyo ushike geji: milimita 9.5 ni inchi 3/8, 9.9 ni M10 (metriki ya milimita 10) iliyolika kidogo. Acha meno mawili ya mwisho, huwa yameliwa. Anza na bolti zilizofichika, za mikono ya injini na chini ya kiti. Zile za bodi zilibadilishwa mara nyingi. Kichwa chenye alama ya nguvu 8.8 ni cha baadaye; bolti za zamani za Kijerumani ziliandikwa 8G.

Ila tundu lina uzito kuliko bolti. Bolti hununuliwa, tundu alilitoboa mwundaji na kulichonga meno kwa tapu alizokuwa nazo. Hapa geji inashindwa, kwa sababu ulimi hauingii vizuri kwenye tundu dogo. Sukuma nta laini ndani, itoe polepole, upime chapa yake. Na usikimbilie kusema Whitworth maana yake Uingereza: karakana za kaskazini zilitumia tapu za Whitworth pia. Kinachosema ukweli ni mpangilio. Fremu yenye 5/16 kila mahali na matundu matatu tu ya M8 imeguswa na mkono wa pili, kwani 5/16 (milimita 7.94) inakaribiana na 8, na iliyoharibika humshawishi mtu kuipitishia tapu ya M8.

Chuma cha geji ni kizuri, skrubu ya bawaba hulegea na inahitaji tone la gundi ya nati. Nyota tatu kati ya tano. Nunua pamoja na kigeji kingine cha meno ya Kimarekani, hasa 13, 14, 20, 24 na 28.